Filamu Za Uchawi Na Bibi Wa Nyumba Ya Tatu: Ufafanuzi Kwa Ndugu Zetu Wa Ifakara



Ndugu yetu mmoja wa Ifakara ametuandikia swali refu, nasi tunalifupisha. Vijana wa mtaani kwake wameipata simuni filamu ya Kinigeria yenye hadithi tatu za uchawi, wakawa wanaitazama pamoja kibarazani baada ya Swalah ya 'Ishaa. Wiki chache baadaye mtoto wa jirani akashikwa na degedege, akalazwa. Alhamdulillah, amepona. Lakini maneno yalikwishaanza kumzunguka bibi mmoja mjane anayeishi peke yake, nyumba ya tatu kutoka hapo. Kijana mmoja alitamka mbele ya watu kwamba bibi huyo ni kama yule wa kwenye filamu. Watoto sasa wanakimbia akipita, na mwenye duka hataki kupokea pesa mkononi mwake. Ndugu yetu anauliza: je, ni halali kuzitazama filamu hizi? Na je, yanayoonyeshwa humo yapo kweli?

Tutamjibu yote mawili In Shaa Allah. Ila liko na la tatu ambalo hakuliuliza, nalo kwetu ni zito kuliko hayo: bibi yule ana haki gani juu yetu? Humo ndimo tutakamokaa zaidi.

Kwa maelezo aliyotupa, filamu yenyewe ni Juju Stories ya mwaka 2021. Waongozaji wake ni Wanigeria watatu, C.J. Obasi, Abba Makama na Michael Omonua, wa kundi linalojiita Surreal16, na kila mmoja ameongoza hadithi yake. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Locarno huko Uswisi. Katika hadithi moja mwanamke asiyeolewa anatumia dawa kumpata mwanamume anayemtaka, jambo ambalo sisi huku tungeliita limbwata na kila mtu angeelewa. Nyingine imejengwa juu ya uvumi wa mijini Nigeria kwamba mtu akiokota pesa barabarani hugeuka kiazi kikuu. Ya mwisho ni ya wasichana wa chuo, urafiki wao na shaka kwamba mmoja wao ni mchawi.

Si jambo geni kwetu. Filamu za Kinigeria za namna hii zilianza kuenea kwa kanda za video tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ambayo inamhusu mtu aliyemtoa mkewe kafara ili awe tajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Watanzania nao wakaanza kutengeneza za kwao. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta iliyohusu jini wa kike, na baadaye Haji Dilunga akatoa Popobawa. Waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka namna vibanda vya video vilivyojaa, na namna watu walivyorudi nyumbani usiku wakiwa wameshikana mikono. Kwa hiyo mzee anayesema vijana wa leo wameharibiwa na simu ajiulize kwanza yeye alikuwa wapi siku hizo.

Tuje kwenye swali la pili, kwa kuwa la kwanza linalitegemea. Uchawi upo. Hii ni 'Aqiydah ya Ahlus-Sunnah, na dalili yake iko katika Suwrat Al-Baqarah Aayah ya 102, ambapo Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Anataja mashetani waliowafundisha watu sihri, na kwamba wako waliojifunza cha kumfarikisha mtu na mkewe. Humo humo Ametubainishia kwamba hawamdhuru yeyote isipokuwa kwa idhini Yake. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameuhesabu uchawi miongoni mwa mambo saba yenye kuangamiza, katika Hadiyth iliyopokelewa na Al-Bukhaariy na Muslim. Anayesema uchawi ni hadithi tupu za kutishia watoto, anapingana na Kitabu.

Lakini kukubali kwamba uchawi upo si kukubali kila kinachosemwa kuwa ni uchawi. Allah Ametusimulia katika Suwrat Twaahaa kwamba kamba na fimbo za wachawi wa Fir'awn zilimdhihirikia Nabiy Muwsaa ('Alayhis-salaam) kama kwamba zinakwenda mbio. Zilibaki kamba na fimbo. Mtu kugeuka kiazi kikuu kwa kuokota noti barabarani hakuna dalili yake katika Qur-aan wala Sunnah, sawa na misukule inayolimishwa mashamba ya watu usiku wa manane. Ni uvumi, na uvumi haufanywi 'Aqiydah kwa sababu umepigwa picha vizuri.

Sasa tulifikie jambo lenyewe. Filamu ya uchawi haiwezi kwenda bila kitu kimoja, nacho ni kumwonyesha mtazamaji yaliyofichika. Kamera inaingia chumbani kwa mchawi. Inamwona akichanganya dawa, inamsikia akilitaja jina la anayemkusudia, kisha inahamia nyumba nyingine na kumwonyesha yule aliyetajwa akianguka. Mtazamaji hana shaka yoyote, kwa sababu nia ameiona, kitendo amekiona na matokeo ameyaona, kimoja nyuma ya kingine. Anapotoka hapo amezoea kujua. Akikuta mtaani mtoto anaumwa na bibi mpweke aliyepita mlangoni jana yake, akili inaziunga picha hizo mbili wenyewe, wala hakumbuki kwamba ile ya katikati hakuiona, kwamba hakuna kamera iliyoingia chumbani kwa bibi.

Wanachuoni wetu waliligundua tatizo hili karne nyingi kabla ya sinema. Imaam An-Nawawiy, aliyefariki mwaka 676 Hijriyyah (1277 Miladiyyah), ameandika katika Minhaaj atw-Twaalibiyn, kitabu ambacho madrasa zetu za Kishafi'i pwani na bara hukisoma mpaka leo, kwamba uchawi huthibiti kwa mtu kukiri mwenyewe na hauthibiti kwa ushahidi. Tulitafakari hilo. Wizi una mashahidi, kuua kuna mashahidi, hata zinaa ina mashahidi wake wanne. Uchawi hauna. Na sababu waliyoitoa wafafanuzi ni kwamba shahidi hawezi kuijua nia ya mtuhumiwa, wala hawezi kuuona uchawi ukimwingia mtu na kumdhuru. Basi ikiwa watu waadilifu, wanaomcha Allah, wakisimama mbele ya Qaadhi na kuapa, maneno yao hayatoshi, vipi yatatosha maneno ya kijana aliyekuwa anatazama simu?

Atasema mtu: basi akiri. Kukiri kunakohesabiwa ni kwa mtu aliye huru, mwenye akili timamu, asiyelazimishwa. Ajuza aliyezungukwa na watu wenye marungu saa nne za usiku, akasema ndiyo ili wamwache, hajakiri chochote. Na hata anayekiri kwa hiari kesi yake ni ya mahakama. Raia hana ruhusa ya kuhukumu wala kuadhibu, na hilo halina khilafu.

Kisha tutazame Siyrah. Bibi 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amesimulia, na Al-Bukhaariy amepokea, kwamba Labiyd bin Al-A'swam alimfanyia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) uchawi kwa kitana na nywele zilizotoka kichwani, vikafichwa ndani ya kisima. Hapa hapakuwa na dhana. Mtume alijulishwa na Allah jina la mtu, kitu kilichotumika na mahali kilipo. Akaenda mpaka kisimani. 'Aaishah alipouliza kwa nini jambo hilo halikutolewa hadharani, alimjibu kwamba Allah Amekwishamponya, naye hakupenda kuwachochelea watu shari. Kisima kikafukiwa. Huyo ni mwenye yakini ya Wahyi, na amechelea fitnah ya kulitangaza. Sisi wenye yakini ya kibarazani tunalitangaza mpaka dukani.

Tumeandika kwa urefu kwa sababu Bonde la Kilombero lina historia yake katika jambo hili, na si historia ya filamu. Kabla ya Uhuru jina la mganga Nguvumali lilivuma kusini mwa Tanganyika, mpaka Hasani bin Ismail wa Kilwa akamtungia utenzi, uliochapishwa mwaka 1968 pamoja na tafsiri ya Peter Lienhardt. Ndani yake mganga ndiye mwenye kufichua waovu, nao wanafichuka kweli. Ukiutazama vizuri ni ile ile kazi ya kamera: msikilizaji anahakikishiwa kwamba kidole cha mganga hakikosei.

Baadaye, kwa miaka mingi, watu wa Ifakara, Mahenge na Malinyi walikuwa wakienda Ihowanja kwa Bibi Kalembwana kunyolewa. Wenyeji wanaifahamu habari hii kuliko sisi. Anayetuhumiwa alipelekwa huko, mara nyingine kwa barua ya uongozi wa kijiji, akapewa dawa na kunyolewa nywele, na kuanzia hapo ikahesabiwa kwamba uchawi wake umekwisha. Mara nyingi aliyetuhumu naye alinyolewa pamoja na aliyetuhumiwa. Watafiti Maia Green na Simeon Mesaki waliandika makala juu yake mwaka 2005, wakaiita kwa neno la saluni.

Tuseme haki. Utaratibu huo uliwaokoa watu. Aliyenyolewa alirudi kijijini kwake akaishi, wakati sehemu nyingine za nchi yetu vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yaliwekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Hatuwezi kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani moja. Pamoja na hivyo, Muislamu haruhusiwi kuufuata. Ibn Al-Qayyim ameeleza kuwa kuuondoa uchawi kuko kwa aina mbili: kuuondoa kwa uchawi mfano wake, na hiyo ni kazi ya shetani, na kuuondoa kwa Ruqyah, du'aa na dawa za halali, na hiyo inajuzu. Isitoshe, anayekubali kunyolewa ili majirani watulie amekubali pia jina aliloitwa. Nywele zinaota tena, jina linabaki.

Na yako yaliyokuwa mabaya kuliko kunyolewa. Mwaka 1995 taharuki ya Popobawa ilianza Pemba, ikaenea Unguja, na habari zake zikavuka mpaka Dar es Salaam. Watu walilala nje, makundi kwa makundi, karibu na moto. Katika taharuki hiyo huko Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Alikuwa mgeni, hakuweza kujieleza, hayo yakawa ushahidi. Miaka kama 14 baadaye Popobawa akawa jina la filamu ya kuburudisha. Sisi hatumlaumu aliyeitengeneza, kila mtu na kazi yake, ila kila tunapoliona jina hilo kwenye jalada tunamkumbuka yule marehemu.

Turudi kwa mtoto wa jirani. Ifakara ni mji ambao mtu hana udhuru wa kutojua malaria. Utafiti wa magonjwa umefanywa hapo tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Malaria kali humletea mtoto mdogo mshtuko wa mwili, macho yakageuka, mikono ikakakamaa. Ndiyo degedege. Lisaa limoja la kutafuta nani amemroga linaweza kuwa ndilo lililobaki la kumfikisha hospitali, na tunamshukuru Allah kwamba wazazi hawa walikwenda hospitali kwanza na maneno yakafuata baadaye. Kwa wengine huwa kinyume.

Na panda juu Mahenge ukaone habari ya kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko, kwa sababu alikuta wagonjwa ni wengi mno na wamefichwa. Wengine walikuwa na makovu ya moto. Walianguka mekoni, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa, wakiamini ugonjwa huo unaambukiza au una mkono wa mtu. Alikuta pia watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia. Watafiti wa miaka ya karibuni wameuhusisha ugonjwa huo na usubi, ambao huletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Dawa za kuzuia kuanguka zipo, na zinatakiwa zimezwe kila siku. Familia inayoamini kwamba mtoto amelogwa na shangazi huziacha dawa ikaanza kumshughulikia shangazi.

Katika Swahiyh Al-Bukhaariy na Muslim kuna mwanamke mweusi aliyekuja kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akalalamika kuwa anaanguka kifafa na nguo zinamfunuka. Mtume alimpa hiari: asubiri na apate Jannah, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu aombewe asifunuke. Katika Hadiyth nzima hakuna anayemuuliza nani amekufanyia.

Liko jambo jingine ambalo filamu hizi hulipanda kimya kimya, nalo ni hamu. Wengi hawatoki pale wakimwogopa mganga, wanatoka wakimtafuta. Binti ameona limbwata likifanya kazi kwa dakika ishirini, na hata kama mwisho wake haukuwa mzuri, anajiambia yeye atapimia vizuri. Ndugu yetu mwenye duka naye amesikia habari za chuma ulete, kwamba kuna noti ikiingia kwenye droo huvuta nyingine zote, basi ananunua hirizi. Tiwalah, yaani dawa ya kumpendekeza mke kwa mume, Mtume ameitaja pamoja na hirizi kuwa ni shirki, katika Hadiyth ya Ibn Mas'uwd kwa Abuu Daawuwd. Na amesema katika Hadiyth iliyo kwa Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Swalah zake hazikubaliwi siku arubaini. Huyo ni wa kuuliza tu. Mwenye kumsadiki ana makemeo makubwa zaidi. Tena hata sheria ya nchi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928 wakati wa Waingereza, inamhesabu kuwa na kosa mtu anayedai ana nguvu za uchawi.

Hukumu ya kutazama, basi. Wanachuoni wametofautiana katika suala la filamu kwa ujumla, na hatutalifungua hapa. Tunachokiona katika hizi za uchawi ni hiki: ikiwa ndani yake kuna matamko ya shirki yanayosomwa kweli, au Aayah za Qur-aan zinafanyiwa mchezo, au uchi, au mganga anatukuzwa kuwa ndiye mwokozi, haijuzu kuitazama wala kuisambaza. Ikiwa imesalimika na hayo, na mtazamaji ni mtu mzima anayejua kwamba anasimuliwa hadithi, hatuwezi kusema amefanya uchawi kwa kutazama, ingawa tunaona kuacha ni salama zaidi kwake. Watoto wasionyeshwe kabisa. Kuhusu vijana wa kibarazani, ndugu yetu asianze na kuwanyang'anya simu, maana watatazama mahali pengine. Akae nao, wakifika pale kamera inapoingia chumbani kwa mchawi, awaulize: hapa wewe ungejuaje?

Na yule kijana aliyetamka jina la bibi amekwishavuka mpaka. Katika Suwrat Al-Hujuraat Aayah ya 12 tumeamrishwa tujiepushe na dhana nyingi, tusipelelezane wala tusisengenyane, na yeye ameyakusanya yote matatu kwa kikao kimoja. Tawbah yake haitimii kwa kuomba maghfirah peke yake, kwa sababu ni haki ya mja. Aende kwa bibi, aombe radhi, kisha arudi kwa wale wale aliowaambia akanushe. Ikiwa anaona haya kwenda peke yake, Imaam wa msikiti afuatane naye. Mwenye duka apokee pesa ya bibi mkononi, mbele ya wateja. Ikisikika kwamba kuna wanaopanga kumfanyia bibi ubaya, aelezwe mwenyekiti wa mtaa na polisi siku hiyo hiyo, isingojwe kesho.

Tungependa pia wanawake wa msikiti wampelekee futari siku za kufunga Sunnah na wakae wafuturu naye. Mama wa mtoto aliyeugua awe miongoni mwao, ikiwa yuko tayari, na mtoto aje naye.

Na Allah Anajua zaidi.